Maji, Meno na Udongo: Maswali ya Wasomaji kuhusu Kuondoa Floraidi

Tangu habari zienee kwamba udongo wa kawaida, ukishughulikiwa kitaalamu, unaweza kuondoa floraidi kwenye maji ya kunywa, safu hii imepokea maswali kutoka Arumeru, Nakuru, Singida na Kisarawe. Tumechagua sita. Kwa msomaji asiyeishi penye floraidi nyingi, tueleze kwa ufupi kwamba floraidi ni madini yanayoyeyuka majini kutoka kwenye miamba na majivu ya volkano. Ikiwa kidogo hulinda meno, ikizidi huyaharibu, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Tanzania, ambayo kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kwa kuwa vyanzo vingi vya maji vingelazimika kufungwa, nayo sasa imeshusha kiwango chake hadi 1.5. Maziwa ya Momela, chini ya Mlima Meru, yamewahi kupimwa na kukutwa na takriban miligramu 690 kwa lita; hakuna anayeyanywa maji hayo, lakini yanatuonyesha ni miamba ya namna gani inayolisha visima na vijito vya jirani.

*Ninaishi Maji ya Chai, wilayani Arumeru. Wanangu wawili wakubwa wameota meno ya kahawia, na sasa nina mtoto mchanga wa miezi minne. Huwa ninachemsha maji yote ya kunywa. Jirani ameniambia nitumbukize bonge la udongo wa mfinyanzi mtungini usiku kucha, kwamba asubuhi madini yatakuwa yameshuka chini. Je, ni kweli? – Mama wa watoto watatu*

Mama, tuanze na kuchemsha, maana hapo ndipo kina mama wengi wenye nia njema wanapopotezwa. Kuchemsha kunaua vijidudu, na tafadhali usiache kufanya hivyo ikiwa maji yako yanaweza kuwa na vijidudu. Floraidi, hata hivyo, haipandi na mvuke. Maji yanapopungua sufuriani floraidi inabaki ileile, kwa hiyo kila lita inayosalia ina floraidi nyingi kuliko mwanzo. Ndiyo maana maji yaliyoachwa jikoni yakitokota kwa muda mrefu hayafai kumpikia mtoto uji.

Kuhusu bonge la udongo, jirani yako hakubuni jambo lisilokuwepo kabisa. Udongo wa mfinyanzi hunasa floraidi kidogo, lakini kidogo hicho hakitoshi. Bonge zima lina uso mdogo unaogusana na maji, na udongo ambao haujashughulikiwa hunasa kiasi hafifu mno kwa kila gramu. Maji yatatulia na kuonekana meupe, nawe utaamini kwamba yamekuwa salama, kumbe kilichoshuka chini ni tope. Isitoshe, hujui udongo huo ulichimbwa wapi na umebeba nini.

Kwa mtoto wako wa miezi minne zipo habari njema. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata pale mama mwenyewe anapokunywa maji yenye floraidi nyingi. Ukimnyonyesha bila kumpa kitu kingine hadi atimize miezi sita, unamkinga vizuri kuliko chujio lolote linalouzwa. Hatari inaanza siku ya uji wa kwanza. Kuanzia hapo hadi anapofikisha takriban miaka minane, meno yake ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, na floraidi inayozidi katika miaka hiyo huacha alama isiyofutika. Kwa hiyo kama una bati na unaweza kupata tangi au hata mapipa machache, maji ya mvua yawe ya mtoto huyo kwanza, yakiwa yamefunikwa vizuri na kuchemshwa. Maji ya mvua hayajapita kwenye miamba, nayo huwa karibu hayana floraidi kabisa.

Nikuombe jambo moja zaidi: tazama magadi. Magadi tunayotia kwenye makande na maharage ili yaive upesi yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na nyumba nyingi huhangaika na maji huku chungu kikiongezewa floraidi kwa mkono. Loweka maharage usiku kucha na uyapike bila magadi, hasa chakula cha watoto.

*Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari, kaunti ya Nakuru. Wanafunzi wangu walichukua udongo wenye kaolini (mfinyanzi mweupe), wakaupaka alumini, wakaujaribu katika maji waliyoyatia chumvi ya floraidi maabara. Uliondoa zaidi ya asilimia 90. Walipoujaribu katika maji ya kisima kirefu cha shule, haukufika hata nusu ya hapo. Wamevunjika moyo. Walikosea wapi? – Mwalimu*

Mwalimu, wanafunzi wako hawakukosea. Wamefika mahali ambapo utafiti mwingi hukwama, tena wamefika mapema, nasi tungependa wajue hivyo. Tutalijibu swali hili kwa urefu kwa sababu ndani yake mna jambo lote la udongo huu.

Udongo wa mfinyanzi umejengwa kwa tabaka nyembamba sana za silika na alumina zilizolaliana kama kurasa. Nyuso za tabaka hizo kwa kawaida zina chaji hasi ya umeme, na floraidi iliyoyeyuka majini nayo ni ioni, yaani chembe yenye chaji, tena chaji hasi. Hasi na hasi husukumana. Udongo mbichi hushikia floraidi hasa kwenye kingo za tabaka, penye vikundi vya haidroksili (oksijeni na hidrojeni zilizoshikana) vilivyofungwa kwenye alumini. Ioni ya floraidi na ya haidroksidi zinakaribiana sana kwa ukubwa na zina chaji sawa, kwa hiyo floraidi inaweza kuing'oa haidroksidi na kukaa mahali pake. Ubadilishanaji huohuo ndio unaoiingiza floraidi kwenye meno na mifupa yetu, na ndio unaoufanya mkaa wa mifupa kuwa chujio zuri.

Kuushughulikia udongo ni kuongeza nafasi hizo za kubadilishana na kugeuza chaji ya uso wake. Zipo njia kadhaa: kuuosha kwa asidi, kuuchoma kwa joto la wastani, au kuupaka oksidi na haidroksidi za metali ambazo floraidi inazipenda, kama vile alumini, chuma, zirkoni na lanthani. Udongo hapo unabaki kuwa kiti, na kazi kubwa inafanywa na kile kilichokalia kiti hicho. Tunalisisitiza hili kwa sababu watu husikia neno "udongo" wakadhani kwamba udongo wowote utafaa.

Sasa tuje kwenye kisima chenu. Maji ya maabara yalikuwa na floraidi na sodiamu, basi. Maji ya Bonde la Ufa ni kitu kingine. Mengi yana sodiamu na bikaboneti nyingi, kalsiamu kidogo, na pH, yaani kipimo cha uasidi, inayopanda hadi 8 na zaidi. Hata uwingi wa floraidi umetokana na hali hiyo, kwani kalsiamu ingekuwepo ya kutosha ingeishika floraidi na kuifanya igande kama jiwe. Inapokosekana, floraidi inabaki ikielea. Mkiyapitisha maji hayo juu ya udongo wenu, mambo mawili yanatokea kwa pamoja. Kwanza, pH inapopanda, uso wa alumini unapoteza chaji yake chanya, na haidroksidi zilizojaa majini zinagombea nafasi zilezile zinazotafutwa na floraidi. Udongo uliopakwa alumini hufanya kazi vizuri zaidi pH inapokuwa kati ya 5 na 7 hivi. Pili, bikaboneti nayo inachukua nafasi, tena huzuia pH isishuke kwa urahisi hata mkitia asidi kidogo. Fosfeti, ikiwepo, ni mshindani mkali kuliko hizo zote.

Ushauri wetu ni kwamba jaribio lianzie kwenye maji ya kisima, na maji ya maabara yawe ya kulinganishia tu. Wapime pH kabla na baada. Wajaribu kuyateremsha maji hayohayo hadi pH 7, waone tofauti. Waongeze udongo kidogo kidogo, wachore mkondo wa grafu wenyewe, na waandike miligramu ngapi za floraidi zimenaswa na gramu moja ya udongo, maana asilimia peke yake haimwambii mtu kitu.

Kuna mtego mwingine ambao hata watu wazima huuangukia. Udongo uliopakwa alumini unaweza kuachia alumini kidogo majini, na alumini hiyo hujifunga na floraidi. Mkipima kwa elektrodi ya floraidi bila kutia kwanza ule mchanganyiko wa bafa unaoivunja fungamano hiyo, elektrodi itasoma tu floraidi iliyo huru na kuwaambia kwamba maji yametakata, ilhali floraidi imo, imejificha nyuma ya alumini. Mtatoka mkishangilia maji yenye floraidi ileile pamoja na alumini juu yake. Kwa hiyo wapime alumini pia. Shirika la Afya Duniani linaona kwamba mitambo midogo ya kusafisha maji inaweza kuishusha hadi miligramu 0.2 kwa lita au chini ya hapo.

Waambie wanafunzi wako waendelee. Maji yaliyowashinda ndiyo maji ambayo watu wanakunywa.

*Shikamoo. Mimi ni mfinyanzi kijana hapa Kisarawe, karibu na Pugu ambako kuna kaolini nyingi. Nikitengeneza vyungu vya kuchujia kwa udongo huo na kuviuza Arusha, vitaondoa floraidi? – Mfinyanzi*

Marahaba, kijana. Kaolini ya Pugu inajulikana kwa ubora wake, na wazo la kuitumia si la kupuuzwa. Lakini chungu cha kuchujia na udongo wa kunasa floraidi ni vyombo viwili vyenye tabia tofauti. Chungu kizuri huchomwa hadi kikawa kigumu, kikazuia tope na vijidudu kwa udogo wa matundu yake. Floraidi imeyeyuka, inapita kwenye tundu lolote linalopitisha maji. Tena moto mkali wa tanuri unaondoa vile vikundi vya haidroksili tulivyovieleza: kaolini huanza kuvipoteza inapofika kwenye nyuzi 500 hadi 600 za Selisiasi, na ukizidi kuichoma uso wake unafungamana na kuwa kama kigae. Nchini Sri Lanka vimewahi kutumika vichujio vya kokoto za matofali mabichimabichi, yaliyochomwa kwa moto wa chini na kutumiwa mapema baada ya kutoka tanuri. Vilisaidia penye floraidi ya wastani, na kokoto zilihitaji kubadilishwa mara kwa mara.

Ukitaka kuingia katika kazi hii, usitengeneze chungu, tengeneza punje. Udongo uliosagwa na kupakwa haidroksidi ya alumini ukiwekwa ukiwa unga, maji hayapiti. Na ikiwa ni bentonaiti, aina nyingine ya udongo wa mfinyanzi, ndiyo kabisa, kwa sababu huvimba ukilowa na kuziba kila mwanya. Punje ndogo kama mbegu za mtama, zilizokaushwa na kupashwa joto la kiasi ili zisimeng'enyeke, hupitisha maji taratibu na kuyapa muda wa kugusana na uso wa udongo. Hapo mkono wa mfinyanzi una thamani kubwa, kwani wanakemia wengi wanajua kupaka udongo lakini hawajui kuufanya usivunjike. Tafuta mtu wa maabara mshirikiane. Arusha iko Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, ambako watafiti wameshughulikia maji ya floraidi kwa miaka kadhaa. Mmoja wao, Dk. Askwar Hilonga, alishinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya uhandisi inayotolewa na taasisi ya kifalme ya wahandisi ya Uingereza, kwa chujio linalounganisha mchanga na vitu vya ukubwa wa nano, yaani vidogo mno. Usiuze hata punje moja kabla maji yaliyopita ndani yake hayajapimwa.

*Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya maji katika kijiji kimoja cha Ngarenanyuki. Kuna mtu anatuuzia chujio la udongo uliotiwa dawa, lenye kilo 10 za udongo, na anasema linaondoa asilimia 80 ya floraidi. Tulinunue? Litadumu muda gani? – Mwenyekiti wa kamati*

Mwenyekiti, asilimia 80 ya nini? Maji yenye miligramu 4 yakiondolewa asilimia 80 yanabaki na 0.8, na hayo ni mema. Yenye miligramu 12 yanabaki na 2.4, ambayo bado yamevuka ukomo. Kwanza pelekeni maji yenu kupimwa katika maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji mkoani, tena mpime wakati wa kiangazi na wakati wa masika.

Halafu mwulizeni muuzaji: gramu moja ya udongo wako inanasa miligramu ngapi za floraidi katika maji ya hapa? Akijibu, hesabu ni nyepesi. Chukueni nyumba inayotumia lita 20 kwa siku kunywa na kupikia, na maji yake yawe na miligramu 6 kwa lita. Ili kufika 1.5 lazima kila lita iachie miligramu 4.5, yaani miligramu 90 kwa siku. Udongo unaonasa miligramu 1 kwa gramu, kilo 10 zitabeba miligramu 10,000, kwa hiyo chujio litafanya kazi kwa siku 111 hivi. Ukinasa sehemu ya kumi tu ya hapo, kama inavyoweza kuwa kwa udongo usioshughulikiwa, litakufa siku ya 11. Na maji yakiwa na miligramu 12, hata ule udongo mzuri utamaliza kazi kabla ya siku 50. Tena hesabu hii ni ya ukarimu, kwa sababu chujio jipya hushusha floraidi chini kuliko inavyohitajika na hivyo kujimaliza upesi zaidi.

Linalotutia wasiwasi kuliko bei ni kwamba chujio hili hufa kimya. Chujio la tope likiziba, maji hayapiti na kila mtu anaona. Chujio la floraidi likishiba, maji yanaendelea kutoka meupe, matamu na baridi kama jana, na floraidi imo ndani yake. Ladha haibadiliki wala rangi. Watoto watayanywa miaka miwili mkiamini mmewakinga. Kwa hiyo msinunue chujio peke yake. Nunueni pamoja nalo upimaji. Andikeni katika mkataba kwamba maji yanayotoka yatapimwa kila mwezi kwa gharama inayojulikana, na kwamba muuzaji atabadilisha udongo mara kipimo kinapogusa 1.5. Asiyekubali sharti hilo, mwacheni aende.

Na kama fedha hazitoshi kwa kijiji kizima, msisambaze chujio dhaifu kwa kila nyumba. Wekeni moja linalosimamiwa vizuri shuleni na kwenye kliniki ya watoto, maji yake yawe ya kunywa na kupikia tu. Ya kufulia na kuoga hayahitaji kuchujwa floraidi.

*Kwa nini tuhangaike na udongo ilhali mkaa wa mifupa na shabu vinajulikana siku nyingi? – Msomaji, Nakuru*

Swali la haki. Mkaa wa mifupa umefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, na hapo kwenu Nakuru Jimbo Katoliki limeutumia katika vichujio vya nyumbani na vya jamii. Ni njia iliyothibitika. Udhaifu wake uko kwenye tanuri: mifupa isipoungua vya kutosha maji yananuka, ikiungua kupita kiasi uwezo wa kunasa unashuka. Pia wapo waumini wanaotaka kujua mifupa ni ya mnyama gani na alichinjwaje, na hilo tunaliheshimu. Shabu na chokaa, njia iliyopewa jina la Nalgonda huko India, ni rahisi kuianza lakini inadai kipimo sahihi kila siku na inaacha tope jingi. Penye floraidi nyingi sana shabu inayohitajika inakuwa kubwa mno. Udongo unavutia kwa kuwa upo kila mahali na haugusi imani ya mtu. Kwa maoni yetu, leo hii kijiji chenye fundi mzuri wa mkaa wa mifupa kisiuache kwa ajili ya udongo ambao haujapimwa katika maji yake.

*Babu yangu hapa Singida amepinda mgongo na viungo vimekaza. Daktari anasema ni floraidi. Akianza kunywa maji yaliyochujwa atapona? Na udongo uliokwisha kazi tuutupe wapi? – Mjukuu*

Mjukuu, mpe pole babu. Mifupa iliyokwisha kubadilika haitarudi kama ilivyokuwa, wala alama za meno na matege ya watoto hayataondolewa na maji. Hata hivyo apewe maji safi, kwa sababu floraidi ikipungua mwilini ugonjwa hauzidishiwi, na figo zitaendelea kuitoa kidogo kidogo. Maumivu yake yatibiwe hospitalini kwa haki yake.

Udongo uliokwisha kazi usiumwage shambani wala karibu na kisima, na mifugo isiufikie kuulamba, maana floraidi iliyonaswa inaweza kuachiwa tena maji yakipita juu yake, hasa maji yenye magadi. Uweke mahali pakavu penye paa, kwenye gunia au pipa, hadi fundi wenu auchukue. Mafundi wenye ujuzi huweza kuurudishia nguvu kwa kuuosha na magadi makali ya viwandani (sodiamu haidroksidi) kisha asidi hafifu, lakini maji ya kuoshea hubeba floraidi yote iliyokuwa imenaswa, kwa hiyo kazi hiyo isifanyike nyumbani. Pasipo na fundi, chimbeni shimo mbali na chanzo cha maji, mahali palipoinuka, utieni humo, kisha lifukieni kwa udongo mzito ulioshindiliwa, na mwandike mahali lilipo ili mtu asije akachimba kisima hapo.